Kiondo Hakirudi Kitupu

Tulipohamia Meru, baba alikuwa na bajeti safi sana. Ubaya wake ni mmoja tu: ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya watu wasiokula.

Baba ni karani, na karani ukimpa kalamu na rula atakuhamishia hata mlima. Alipohamishwa kikazi kutoka Ishiara, alituketisha mezani akatusomea gharama kwa sauti ya mchungaji anayesoma matangazo ya kanisa: kodi ya nyumba, depositi, tokeni za stima, maji, karo, sare mpya za shule, lori la kubeba vitanda. Alipofika kwenye chakula, akatabasamu.

"Chakula," akasema, "sifuri."

"Sifuri ya aina gani?" Mama akauliza.

"Kwani hapa tunanunua chakula?"

Na kweli, hatukuwa tunanunua. Ndengu za shamba, kunde za shamba, mayai ya kuku wasio na adabu waliotaga chini ya kitanda changu. Maembe yalikuwa yanatuangukia kichwani bila kuombwa. Shosho, yaani mama yake baba, angebaki bomani, na kila Jumamosi angetutumia kiondo, kikapu chake cha kusuka, kimejaa kwa gari la Meru. Dada yangu mdogo akapiga makofi. Mimi nikauliza chumvi nayo huwa inamea upande gani wa shamba, nikaambiwa nitoke nje nikalishe mbuzi.

Tukapata nyumba karibu na Makutano, juu ya duka la mabati na misumari. Malori yalipiga honi alfajiri mpaka nikawa naitikia "naam" usingizini. Baridi ya huko nayo haibishi hodi. Inaingia tu na kukaa kitandani kabla yako. Lakini Jumamosi ya kwanza kiondo kilifika, na wote tukakizunguka kama mtoto mchanga. Ndengu, kunde, mayai yaliyofungwa kwa majani ya mgomba, na kabeji moja kubwa kama kichwa cha mwalimu mkuu. Baba aliisifu ile kabeji mpaka ikabaki kidogo isimame ishukuru.

"Mnasikia ladha ya nyumbani?" alisema akitafuna. "Hizi za hapa Meru ni maji matupu."

Mama hakuwa anasikia ladha. Alikuwa anaangalia kiondo, ambacho sasa kilikuwa kimelala sakafuni bila kitu.

"Kinarudi na nini?" akauliza.

Kwetu, chombo kilicholeta chakula hakirudi kitupu. Ukikirudisha hivyo ni kama umemwambia aliyekituma, asante, tumeshiba, usitusumbue tena. Hata ukikosa kila kitu, utaweka konzi ya chumvi. Mama hakuwa wa kuweka chumvi. Aliweka sukari, majani ya chai, mkate na mche wa sabuni, akashona mdomo wa kiondo kwa kamba na kukipeleka steji ya magari.

"Hiyo si gharama," baba akasema. "Hiyo ni adabu."

Adabu haikuwa na mstari kwenye bajeti.

Jumamosi iliyofuata kiondo kilirudi kizito zaidi, maana Shosho si mtu wa kushindwa. Safari hii kulikuwa na kuku hai, amefungwa miguu, anatutazama kama sisi ndio tumekosea. Mama akasema huyu kuku hawezi kujibiwa kwa mkate. Juu ya sukari ya kila wiki akaongeza mchele na mafuta ya kupikia. Shosho akajibu mchele kwa kabeji mbili na maembe. Mama akajibu maembe kwa leso. Ikawa ligi, nyumbani na ugenini, na utingo wa gari akitoza kiondo nauli ya mtu mzima kwenda na kurudi. Kile kiondo kilisafiri kuliko mbunge wetu.

Mwezi ulipoisha, mwenye nyumba alikuja kuchukua kodi akakuta hakuna. Chakula cha bure kilikuwa kimeila. Alitupa muda, tena kwa sauti ya kusikika mpaka dukani chini, na jioni hiyo baba akaitisha mkutano.

"Njia ni mbili," akasema. "Ama tumwambie mama asitume tena, ama tupunguze matumbo."

"Mwambie basi," mama akamwambia. "Ni mama yako."

"Mimi nimwambie mama chakula chake ni ghali? Si wewe ndiye hupakia?"

"Mimi mke wa kuolewa nimwambie mkwe wangu hivyo? Nitakula nini nikienda huko Krismasi?"

Nikasikia hata jiko likifikiria. Kwa vile hakuna aliyeweza kumwambia Shosho, ilibaki ile njia ya matumbo, na macho yote, hata ya dada yangu ambaye ni mchoyo wa kuzaliwa, yakahamia kwangu.

"Wewe," baba akasema kwa upole, "unakula kama umetumwa na adui."

Ikaamuliwa nirudi Ishiara nikae na Shosho, nisome shule yangu ya zamani, mpaka mambo yakae sawa. Nilijifanya sijali. Nikauliza kama nitapewa cheti cha kustaafu. Lakini usiku ule niliona picha moja ambayo haikunichekesha: wale watatu mezani, kiti changu kimewekwa ukutani, na wao wanaendelea kula na kuongea vizuri tu, labda hata na nafasi ya viwiko. Sijui kama umewahi kuogopa kwamba hutakumbukwa. Inaharibu hata utani.

Jumamosi mama alipakia kiondo kama kawaida, akaniwekea nguo zangu kwenye begi pembeni. Akanitengenezea kola, ambayo ilikuwa sawa.

"Usimwambie Shosho mambo ya pesa," akasema. "Sema umemkumbuka."

Ishiara nilipokelewa na jua na vumbi, kisha na Shosho mwenyewe mlangoni. Mimi nina jina la babu, marehemu mumewe, kwa hivyo kwa desturi yetu mimi ndiye mume wake, na yeye hajawahi kunisamehe kwa hilo.

"Ehe! Mume wangu amerudi," akasema. "Ulienda kwa mwanamke mwingine Meru, sasa amekufukuza?"

"Hajui kupika, mke wangu."

"Na mbona umekonda? Uliponioa ulikuwa na mashavu."

Akakifungua kiondo, akatoa sukari, akanipa. "Iweke ndani na wenzake."

Sikuelewa mpaka nilipofungua kasha lililo kando ya kitanda chake. Pakiti za sukari zilikuwa zimepangwa humo kama wanafunzi paredi, zote zetu, hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Shosho, kwani hunywi chai?"

"Nakunywa. Sukari daktari alinikataza kitambo."

"Sasa hizi zote?"

"Zikijaa nampelekea mwenye duka, ananipa pesa."

"Pesa za nini?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mume mjinga aliyepewa na wazazi. "Za kuwanunulia mboga. Kwani umeona nini kwa hilo shamba?"

Nikatoka nje nikaangalia. Sikuwa nimeangalia nilipoingia. Kunde zilikuwa zimekauka kabla ya kutoa maua, ndengu zimebaki vijiti. Mvua ilikuwa imepita mbali na kwetu Mbeere bila hata salamu. Na pale mwisho wa boma, kamba ya mbuzi ilikuwa imefungwa kwenye mti peke yake.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Mlimla," Shosho akasema. "Alikuja kwenu akiwa kabeji."

"Na kabeji zinatoka wapi?"

"Sokoni. Wanasema zinaletwa na lori kutoka Meru."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Nikamweleza jinsi baba alivyosikia ladha ya nyumbani, naye akacheka mpaka akashika mlango. Kisha nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Mniletee sukari, halafu nirudishe kiondo kitupu? Majirani wangesema nimekufa." Akaliona lile begi. "Na hizo nguo ni za nini?"

Nilikuwa nimekatazwa kusema. Nikasema yote: kodi, mkutano, matumbo. Hakucheka tena. Alivuta begi langu, akatoa shati moja moja, akayakunja upya, na kuyapanga ndani ya kiondo.

"Wamenitumia mtu," akasema. "Kitu cha kulingana na mtu sina hapa. Kwa hivyo nitawarudishia huyo huyo."

"Unaniacha, mke wangu?"

"Nakutaliki. Kesho asubuhi unapanda gari. Mwambie baba yako kiondo hakikurudi kitupu. Na umwambie kabeji ziko hapo Makutano, aache kuzisafirisha."

Meru, mama ndiye aliyekifungua kiondo, akakuta mashati yangu. Baba akachungulia ndani, halafu akanitazama.

"Na chakula?"

"Ndicho mimi," nikasema, na kuwapa maneno ya Shosho, kasha la sukari, kamba ya mbuzi na yote. Mama alienda jikoni akakaa huko muda mrefu bila kupika chochote. Baba alivaa koti, akanishika bega, tukashuka pamoja mpaka kwa mama mboga. Alibishana bei ya kabeji moja kama mtu anayenunua ekari. Mezani akaionja, akakunja uso.

"Hii ni maji matupu."

"Kula," mama akasema, na kuvuta kiti changu karibu na chake.

Kiondo kinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Zamu ya kukituma ni yetu, na kila mtu nyumbani anajua. Tunapokipita, wote tunaangalia upande wa pili.