Kadi ya Pili ya Kerubo

Mume wa Kerubo alipofariki, kanisa lilichanga, wenzake wa kazini wakachanga, na bado pesa hazikutosha kumsafirisha marehemu kutoka Minneapolis hadi Nyamira. Kilichopungua Kerubo alikilipa kwa kadi zake nne za mkopo: jeneza, gharama za ndege, tiketi yake na ya mwanawe Brandon. Aliporudi alikuwa anadaiwa dola elfu kumi na tisa, na mshahara wa kuwaogesha na kuwalisha wazee kule Inver Grove Heights haukulifikia deni hilo. Kadi zikafungwa. Wadai wakawa wanampigia hadi kazini. Kila mwenye nyumba aliyechungulia rekodi yake ya madeni alimkatalia, mwishowe akahamia na Brandon chumba cha chini kwa shemeji yake mjini Savage.

Alielewana na wadai, akawalipa kidogo kidogo. Kisha akachukua kadi ya dhamana: aliweka benki dola mia tatu zake mwenyewe ili akopeshwe mia tatu hizo hizo. Aliitumia kwa mafuta ya gari tu, na kwa miezi kumi na minne hakuchelewesha malipo hata siku moja. Alama zake za mkopo, zile ambazo benki hutazama kabla ya kumkopesha mtu, zikaanza kupanda. Barua za benki za kumpa kadi mpya nazo zikaanza kuja.

Jumapili moja baada ya ibada alimwekea Makena barua mbili mezani. Makena alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, lakini alifanya kazi ya mikopo na aliyaelewa maandishi madogo.

"Hii ya kwanza wanakupa elfu mbili na mia tano," Makena alisema. "Lakini angalia, Mama Brandon. Ada ya mwaka, ada ya kila mwezi, na riba ya asilimia thelathini na tano. Hii ya pili ni mia tano tu, haina ada. Ukiilipa vizuri, baada ya mwaka watakuongezea."

"Nataka ile kubwa."

"Ya kununua nini?"

Kerubo alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Mama yangu ana miaka themanini na tatu," alisema. "Simu ikipigwa, nitapanda ndege na nini?"

Makena naye alikuwa na mama kule Meru.

"Siwezi kukuambia usiende kumzika mama," alisema. "Ila hivyo ndivyo ulivyoanguka ile mara ya kwanza."

Kerubo alichukua kadi ndogo. Akafungua pia akaunti ya pembeni, akawa anaweka dola arobaini kila mshahara wa wiki mbili, bila kumwambia mtu.

Simu ilipigwa Februari, miezi mitano baadaye. Akaunti ilikuwa na dola mia nne. Tiketi ya haraka ilikuwa elfu moja na mia nane. Kerubo alituma zile mia nne za mazishi, akamwambia kaka yake Jairus kwamba hataweza kufika.

"Watu watauliza," Jairus alisema.

"Waambie sina."

Alitazama mazishi kwenye simu, ameketi ndani ya gari nje ya jengo la kazini, injini ikinguruma kwa sababu ya baridi. Picha ilikatika mara mbili. Jeneza liliposhushwa hakuliona. Wiki nzima hakumpokelea Makena simu, ingawa alijua Makena hakuwa na kosa lolote.

Mwezi wa sita alipata nyumba ya vyumba viwili Apple Valley, mkataba kwa jina lake. Desemba alisafiri kwenda nyumbani kwa pesa zake. Jairus hakuwa amelijengea kaburi la mama kwa saruji. Alisema alikuwa akimsubiri. Waliketi hapo hadi jua likawa kali, kisha Kerubo akamwomba amsimulie siku ile ya mazishi tangu asubuhi, asiruke kitu.