Dungu la Kaka Kwenye Shamba la Mama

Mahali pa kujenga dungu la kuwindia nilipachagua mimi, na sijivunii. Bunduki ilikuwa ya kaka yangu mkubwa, kibali cha kuwinda kilikuwa chake, mipaini ilikuwa yake. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho yeye hakuwa nacho: niliujua ule mteremko.

Uko Kibondo, upande wa Kumsenga, na zamani ulikuwa shamba la mama. Alilima mahindi na maharage pale mpaka mgongo ukamkatalia. Utoto wangu niliumalizia juu ya dungu lake, jukwaa la miti lenye kipaa cha nyasi, nikipiga debe na kupayuka kufukuza nyani na pongo, swala wa vichakani. Kaka wakati huo alikuwa shuleni. Mama alipofariki mimi nilikuwa nimeolewa Kakonko, na kaka akapanda mipaini shamba zima, kisha akarudi Kasulu kwenye duka lake. Hakuniuliza. Binti aliyeolewa haulizwi habari za shamba la kwao.

Ndoa ikanishinda. Nilirudi na begi la nguo na sufuria mbili, nikaingia nyumba ya mama, nikakuta mipaini inayonifika magotini imesogea mpaka mlango wa jiko. Hapakuwa na pa kuotesha hata mchicha. Nilikula maharage ya kununua, mimi niliyelelewa katikati ya maharage, na kila nilipoyachagua mawe niliwatukana watu wawili: mume niliyemwacha na kaka niliyemkuta.

Pongo ndio walionipatia nafasi ya kusema. Madume yalikuwa yakisugua pembe kwenye mipaini michanga, yanaibambua magome, mti unakauka umesimama. Kaka akaja na pikipiki, akazunguka shamba akisonya, akatangaza kwamba atajenga dungu juu kabisa mgongoni mwa mteremko, kando ya barabara, anakoweza kuona msitu wake wote kwa mara moja.

Nilicheka. Sikuweza kujizuia.

"Ukikaa kule utaona mipaini, pongo hutamwona," nilimwambia. "Wanatoka bondeni kwenye mto jioni, na jioni upepo unageuka, unashuka. Watakunusa kabla hawajavuka maji."

"Sasa nikae wapi?"

Nikampeleka chini, kwenye kichuguu kikubwa ubavuni mwa mteremko. Pale njia yao inapita juu yako kidogo, na upepo unaichukua harufu yako kuipeleka bondeni upande ambao hawapiti. Nilimwonyesha kwa kumwaga vumbi kutoka kiganjani. Akalitazama likielea, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nikaona ananiheshimu.

"Mushiki wanje," akasema, kwa lugha ya nyumbani, dada yangu. "Mbele ya dungu nitang'oa mipaini, tuache ujia wa risasi kupita. Hapo panda maharage yako. Udongo ni uleule wa mama."

Nililia. Naandika hivyo bila kujificha. Nililia mbele yake na kumshika mikono yote miwili, nikamshukuru kama mtu aliyeokolewa majini. Jioni hiyo niliwasimulia majirani kwamba kaka yangu ana moyo, na kwamba niliyoyasema juu yake kabla wayasahau.

Dungu likajengwa pale kwenye kichuguu, nami nikalima ujia ule peke yangu, hatua thelathini kwenda, kumi upana. Mvua zikaja vizuri. Maharage yakaota ya kijani kibichi katikati ya ile mipaini iliyokomaa sura kabla ya umri, na mimi nikawa naamka mapema kwa ajili ya kuyatazama tu.

Jioni moja nilikuwa nje ya jiko nikipepeta mchele. Nikainua macho, nikaona pongo jike na mtoto wake wamezama kwenye maharage yangu, wanavuna. Sikufikiri. Mikono ilijua kazi yake tangu utotoni. Nikanyakua debe, nikalipiga kwa mwiko, nikateremka nikipayuka sauti ileile niliyokuwa nikiipiga kwenye dungu la mama. Wakaruka, wakapotea.

Kaka akashuka kutoka kwenye dungu. Sikujua kama yupo. Pikipiki aliiacha barabarani ili isiwashtue wanyama, akaingia kimya bila hata kunisalimu.

"Nani kakutuma ufukuze?"

"Wanakula maharage yangu!"

"Si ndiyo kazi yake? Kuliwa! Ulidhani nimeng'oa mipaini yangu yote ile ili wewe upate mboga?"

Nilibaki nimeshika mwiko. Kumbe mbegu zangu, jembe langu, na asubuhi zangu zote, vilikuwa chambo. Na mahali pa chambo nilikuwa nimepachagua mwenyewe, kwa furaha, nikamwaga na vumbi.

Tangu siku ile nilikatazwa kupiga debe. Nilikaa mlangoni jioni baada ya jioni nikiwatazama wakila, kaka akiwa kwenye kichuguu amejikunja. Aliua wawili. Nyama aliniletea, tena paja zima, na mkewe, wifi yangu, akasema nina bahati kuwa na kaka wa namna ile. Maharage niliyovuna hayakujaza beseni.

Miaka imepita, na mipaini sasa imenipita kimo. Matawi yamefunga ujia, maharage hayapati jua, na aliyekaa kwenye kichuguu haoni zaidi ya urefu wa ng'ombe. Majuzi kaka alikuja. Amezeeka, anakohoa kohozi baya, na safari hii alinisalimu vizuri na kunipa kitenge. Madume yameanza tena kubambua magome upande wa bondeni, kwenye mipaini mipya aliyoipanda huko.

"Dungu tulihamishie wapi?" akauliza. "Wewe ndiye unayepajua."

Moyo ulinichoma kidogo, nakiri. Aliuliza kwa imani, kama mtoto anavyomuuliza mama yake. Nikachota vumbi, nikalimwaga, nikajifanya naliangalia.

"Juu," nikamwambia. "Mgongoni, kando ya barabara. Palepale ulipopataka mwanzo."

Uso wake ukang'aa. Akamwita fundi, akamwambia mbele yangu kwamba yeye alilisema hilo tangu siku ya kwanza, sema wanawake wabishi. Lilijengwa kwa siku mbili, dungu zuri, lenye ngazi ya mbao na bati badala ya nyasi. Kutoka kule juu unaona kila kitu.

Sasa huja kila Jumamosi. Upepo ukigeuka nasikia kikohozi chake kikishuka mpaka jikoni kwangu, kisha kikiendelea kwenda mtoni, waliko pongo. Nimelima kipande nyuma ya jiko, nilichokisafisha bila kumwomba mtu, na maharage yametoa maua. Debe bado lipo mlangoni. Jumamosi silihitaji.