Ugali Unapita

Mimi nina hasira za karibu, na foleni ya asubuhi pale zahanati yetu ya Nkuhungu huzichochea. Ikifika saa nne nimeshachoka, na nusu ya wagonjwa wanaingia wameshajipima wenyewe: "Daktari, nina vidonda vya tumbo." Basi andika na dawa kabisa tuachane, huwa nasema moyoni.

Yule mama wa Mlali naye aliingia hivyo hivyo. Alikuwa amekuja mjini kukaa kwa binti yake, umri kama wa mama yangu mzazi, mpole, akiitikia shikamoo yangu huku ametazama chini. Kifua kinawaka, alisema, na chakula kinakaa hapa. Akagusa katikati ya kifua. Nikamuuliza kile ninachomuuliza kila mwenye malalamiko hayo: ugali unapita?

"Unapita vizuri, mwanangu."

Nikaandika dawa za vidonda vya tumbo kwenye daftari lake. Baada ya wiki sita akarudi. Nikauliza tena, akajibu vile vile, nikambadilishia dawa. Wala sikumpima uzito, maana foleni ilikuwa imefika getini.

Mara ya tatu alikuja na binti yake. Gauni lilikuwa lile lile, ila sasa limebanwa kwa pini kiunoni. Nilipoiona ile pini nikajua amekonda. Nikauliza kama ugali unapita, naye akasema unapita. Binti akaguna.

"Unapita na nini, mama? Mwambie daktari." Kisha akanigeukia mimi. "Nyama ameacha muda mrefu. Maharage hagusi. Ni mlenda tu, mchana na jioni, tena anaupika mwepesi kama uji. Tonge analichovya mpaka linaogelea."

Mimi ni mtu wa Moshi. Miaka saba nimekula mlenda huku Dodoma na kuwatania wenyeji kwamba mboga yao haihitaji meno, tonge linateleza lenyewe mpaka tumboni. Na bado haikunijia akilini hata siku moja kuuliza ugali unapita na mboga gani. Mama hakunidanganya, ulikuwa unapita kweli. Mjinga nilikuwa mimi.

Nikaandika rufaa, akateremshiwe kamera kooni wiki hiyo hiyo. Mama akaipokea kwa mikono miwili.

"Nitakwenda nikishavuna alizeti."

"Alizeti wavune wengine!" Nilimfokea, mtu mzima kama yule, na kumbe niliyestahili kufokewa ni mimi.

Akanitazama machoni kwa mara ya kwanza. "Kwani unadhani ni nini?"

Neno lenyewe tunalikwepa sana. Tunasema uvimbe, tunasema tatizo. Siku ile nilililazimisha litoke. "Naogopa ni saratani ya koo la chakula, mama. Na nilipaswa kuogopa tangu ulipokuja mara ya kwanza. Nimekukosea."

Alilikunja daftari lake, akalikunjua. Binti alikuwa ameanza kulia. "Basi alizeti itasubiri," mama akasema, akainuka.

Siku tisa sikuiacha simu yangu mbali. Kila ilipolia niliogopa kuipokea. Nilijiambia huenda ni kidonda kweli, au uvimbe mdogo wa kukatwa ukaisha. Niliomba Mungu niwe nimekosea tena.

Siku ya kumi binti akapiga kutoka hospitali kubwa alikolazwa mama yake. Ni saratani, alisema, na imeshafika kwenye ini. Hawatampasua. Watamwekea kimpira kooni ili uji upite, basi.

Nikampa pole, pole isiyo na maana yoyote.

"Daktari wa huku anatugombeza," akaendelea, sauti imemkauka. "Anauliza mgonjwa alikuwa wapi muda wote huu. Nimjibu nini?"

Mgonjwa aliyefuata alikuwa ameshakaa mbele yangu, daftari mkononi, ananisikiliza.

"Mwambie alikuwa kwangu."