Maji ya Mgeni

Mama Georgette, jirani yangu, ana kiburi cha usafi, na huwa namwambia usoni. Mume wake yuko mgodini Kakanda, anarudi mwisho wa mwezi tu, lakini glasi zake sita za wageni hung'aa kabatini kila siku. Ukipiga hodi, anakupa maji ya foraji ya parokia, yale yanayovutwa kwa bomba kutoka chini kabisa ardhini, anayoyafuata nusu saa nzima na bidoni la maji kichwani. Maji ya kisima chetu, yenye rangi ya chai, tunayanywa wenyewe, mlango umefungwa.

Basi akaja Arsène, mtafiti kutoka chuo kikuu. Alitaka kujua kama kisima ndicho kinachowapa watoto wetu vipele na kuhara. Akasema utafiti ni wetu sote, tuchague mtu wa kujaza chupa zake kila wiki. Tukamchagua Georgette. Nani mwingine? Akaambiwa ajaze maji ya nyumbani, basi.

Baada ya miezi mitatu Arsène akarudi, tukakaa uani kwa Georgette, atusomee majibu kabla hayajaenda kokote. Maji ni safi, akasema. Hasira ikanipanda. Mjukuu wangu alikuwa mgongoni kwangu, anajikuna. Karatasi ile ikiondoka hivyo, nani atatuchimbia foraji?

Georgette akasimama.

"Ile maji haiko ya kisima," akasema. "Nilikuwa nachota ku parokia. Mugeni, nitamupa namna gani maji mubaya?"

Watu wakaguna. Mimi, kusema kweli, nilitaka kumrarua. Halafu nikamwonea huruma, maana hata mimi ningefanya vilevile. Aliyenishangaza ni Arsène. Alisema kosa ni lake pia: alituachia chupa bila kutueleza zinakwenda kupimwa nini, wala hakuja hata siku moja kuchota nasi. Akazikunja karatasi zake, akauliza tuanze upya vipi, na safari hii sisi tukasema, yeye akaandika.

Georgette akaingia ndani. Alitoka na glasi moja ya wageni, imejaa maji ya kisima, akaiweka mezani mbele ya Arsène. Aibu ilikuwa imemjaa usoni, lakini hakuinamisha kichwa.

"Usikunywe, Monsieur Arsène," akamwambia. "Angalia tu. Hii njo maji yetu."