Chausiku Ageuza Safari ya Jinja

Ukitaka kumjua Chausiku, mke wa Sabiti, anza na masikio yake. Aliishi kwenye landhi za reli pale Shinyanga, vile vyumba vya matofali vilivyopangwa mstari mmoja nyuma ya stesheni, na treni ilikuwa haijapiga honi yeye ameshaijua. Akikaanga vitumbua barazani asubuhi angekwambia: hii ni ya mizigo, imebeba marobota ya pamba, tena leo wameizidishia. Hakukosea. Ila katika miaka yote hiyo ya kusikiliza magurudumu, hakuna treni iliyowahi kumfikisha alikotaka.

Alikotaka ni Jinja, Uganda. Huko ndiko alikoishi dada yake wa pekee, Mwanaidi. Baba yao, Mmanyema wa Ujiji, alikuwa kibarua wa reli. Kazi ilimpeleka Jinja naye akawabeba watoto wake. Mwanaidi akaolewa hukohuko. Chausiku akarudishwa Tabora kwa shangazi, akaolewa na Sabiti, na Sabiti akahamishiwa Shinyanga. Tangu hapo ndugu hao wawili walisikiana kwa midomo ya wasafiri tu.

Kiangazi cha mwaka 1969 mfanyabiashara wa mchele aitwaye Maulidi alirudi kutoka Uganda, akapita barazani kwa Chausiku kabla hata hajafika kwake.

"Dada yako anakusalimu sana, Mama Mwanne," alisema, bila kukaa. "Ila macho yake si mazuri. Moja limekwisha, la pili linakwenda. Mimi mwenyewe alinishika mkono akadhani ni mwanawe."

"Amesemaje?"

"Amesema, mwambie mdogo wangu aje nimwone. Sikiliza vizuri. Hakusema aje anione. Amesema, aje nimwone."

Vitumbua vya asubuhi ile viliungua, na wateja wakavila hivyohivyo kwa heshima ya mpishi.

Bahati ilikuwepo. Sabiti, ambaye kazi yake stesheni ilikuwa kugeuza reli ili kila treni ishike njia yake, alikuwa na likizo mwezi uliofuata. Na siku zile mfanyakazi wa reli akienda likizo alipewa waranti ya kusafiri bure na mkewe, na reli ilikuwa moja kwa nchi tatu. Leo, mpaka wa Kenya ukiwa umefungwa tangu mwaka 1977 jumuiya ya nchi hizo ilipovunjika, kijana anaweza kudhani tunamsimulia hadithi za majini. Lakini ilikuwa hivyo: mtu wa Shinyanga, mtu wa Nakuru na mtu wa Jinja walivaa kofia moja na kupuliza filimbi moja. Mipaka yetu ilichorwa na watu ambao hawakuwa na dada upande wa pili.

Jioni ile Sabiti alikaa kwenye mkeka, akachora ziwa kwa kidole kwenye unga uliotapakaa juu ya ungo.

"Njia ni ileile," alisema. "Tunaanza magharibi kwa basi. Kahama, Nyarugusu, Buseresere, Biharamulo, Bukoba, Masaka, tunaingia Jinja. Kurudi ndiyo tunapanda treni, tunapita Kenya. Taabu kwanza, raha baadaye."

Njia hiyo Chausiku aliijua. Likizo iliyotangulia walikuwa wameishika, wakaanza kwa moyo mweupe. Nyarugusu wakakaa kwa mpwa wa Sabiti aliyekuwa akichekecha mchanga wa dhahabu. Kijana kawaona wageni wake wa kwanza tangu aoe, atawaachaje? Wakatoka hapo kwa shida, wakaingia Buseresere kwa Akida, mdogo wake Sabiti, mwenye duka. Akida akachinja mbuzi. Wakataka kuondoka, akaita majirani wasome dua. Wakataka kuondoka tena, akakumbuka kwamba mwanawe anatahiriwa na baba mkubwa hawezi kukosa. Likizo ikaishia pale. Chausiku alirudi Shinyanga na kuku wawili miguuni, na Jinja akaiacha mbali kama alivyoikuta.

Kwa watu wetu safari haipangwi kwa ratiba. Inapangwa kwa wenyeji. Unauliza kwanza, tutalala kwa nani? Na ukishajua utalala kwa nani, huwezi tena kujua utaondoka lini, maana kumpita ndugu mlangoni ni kumtangazia ugomvi.

"Baba Mwanne," Chausiku alisema mwishowe, "tukianzia kwa Akida tutaishia kwa Akida."

"Sasa nimpite? Aje aseme kaka amejiona mkubwa?"

"Sijasema umpite. Nasema tuanzie upande wa pili. Treni mpaka Mwanza, basi Musoma mpaka Kisumu, hapo treni tena, tubadilishe Nakuru, mpaka Jinja. Kurudi ndiyo tupite kwa ndugu zako. Wakitaka watufungie ndani mpaka mvua za masika, mimi dada yangu nitakuwa nimeshamwona."

"Kutoka Mwanza kuna meli."

"Mimi na maji tunaonana kwenye ndoo. Basi."

Sabiti alicheka, kisha uso ukakunjamana. "Upande ule hatuna mtu. Kisumu tutalala kwa nani? Nakuru kwa nani? Mtu mzima na mkewe wakalale ugenini bila mwenyeji, kama watoro?"

Hilo ndilo lililokuwa likimkaba. Na lilikuwepo jingine ambalo hakulitaja, ingawa mkewe alilijua kama anavyojua mlio wa treni ya mizigo: Sabiti alitaka mwisho wa safari ashuke kwenye behewa la abiria pale pale stesheni yake, kanzu nyeupe, wenzake wote wamesimama wanamwangalia.

Kesho yake Chausiku alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimpelekea mumewe chakula kazini. Alimkuta kando ya reli na mwenzake Jilala, Msukuma wa Maganzo, mtu mwenye mdomo usiofungwa. Akaweka kapu chini, akasema mbele ya wote wawili:

"Shemeji Jilala, nisaidie. Huyu kaka yako treni za watu wote anazigeuza. Yangu moja imemshinda."

"Ee, nini tena?"

Akamweleza. Jilala alisikiliza huku akitafuna kitumbua cha Sabiti.

"Sabiti, wewe unaogopa Nakuru?" alisema. "Nakuru kuna landhi kama hizi. Kuna mtu anageuza reli kama wewe, mkewe anakupikia ugali kama wangu. Huyo si mwenyeji?"

"Simjui."

"Na mimi ulinijua lini? Ulikuja hapa na godoro kichwani, ukalala kwangu mpaka nikadhani umenioa! Igeuze hiyo, bwana. Nduhu mhayo, hakuna neno."

"Na kurudi je? Nitashuka kwenye basi, nimejaa vumbi kama kuku aliyeoga?"

"Aa! Kumbe ndiyo hiyo!" Jilala alipiga makofi, akamgeukia Chausiku. "Shemeji, mzee anataka kuonekana!"

Sabiti alitazama pembeni. Chausiku hakucheka. Alisema taratibu, "Baba Mwanne, wewe unataka kuonekana na stesheni nzima. Dada yangu anataka kuniona mimi peke yangu, na jicho alilobakiwa nalo haliwezi kungoja mbuzi wa Akida."

Sabiti aliokota kapu, akalitazama, akamwuliza Jilala kwa ukali, "Vitumbua vyangu viko wapi?" Chausiku akajua ameshinda.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha. Alikaanga chapati kavu za njiani, akafunga mchele, karanga na kibuyu cha samli ya Kisukuma, akaazima birika ya jirani. Mwanne, binti yao aliyeolewa Ngokolo, alikuja kumsuka. Siku ya safari stesheni nzima ilitoka kuwaaga. Jilala mwenyewe ndiye aliyewageuzia reli kwenda Mwanza, na Sabiti alisimama mlangoni mwa behewa na kanzu yake, akipunga mkono mpaka watu wakaanza kuzomea.

Mpaka wa Sirari waliupita ndani ya basi, askari aliuliza wanakwenda wapi, Chausiku akajibu "kwa dada," naye akasema "msalimie." Kisumu waliteremshwa mbele ya msikiti, wakalala kwenye baraza ya wageni. Nakuru wakakuta treni ya kuunganisha imeshaondoka. Walikaa juu ya mizigo yao kwenye jukwaa, baridi imewashika ya nchi wasiyoizoea, na Sabiti alikuwa anaanza kusema "si nilikwambia" pale alipotokea mtu mrefu mwenye taa na kofia ileile.

"Wewe ni wa reli?" aliuliza, akitazama waranti mkononi mwa Sabiti.

"Wa Shinyanga. Nageuza reli."

"Mimi pia. Njooni."

Hakuuliza dini wala kabila. Mkewe, Mama Otieno, aliwapa kitanda chake, akawapikia chai ya maziwa, na asubuhi akawasindikiza kwenye treni iliyofuata bila kukumbuka mbuzi wala tohara. Mimi naamini kwamba Afrika Mashariki haikuwahi kuwa kitu kingine zaidi ya kitanda kile. Walioivunja ofisini hawakuwahi kukilalia.

Wakafika Jinja mchana. Nyumba walielekezwa na watoto. Mwanaidi alikuwa ameketi ndani, gizani, akichambua mchicha kwa vidole. Alisikia hodi, akasikia na sauti, lakini hakukimbilia kukumbatia mtu. Alisimama, akamshika Chausiku mkono, akamvuta nje uani mpaka mahali jua lilipokuwa kali kuliko pote. Akamshika kidevu. Akamgeuza uso upande wa jicho lililobaki, akautazama polepole, paji, nyusi, pengo la meno, akarudia tena kama mtu anayeogopa kuruka mahali.

"Mh," alisema hatimaye. "Na nani alikuruhusu uzeeke bila kuniambia?"

"Nilikuwa nakuja, dada. Njiani kulikuwa na watu."

"Usisogee. Sijamaliza."

Chausiku alisimama juani, machozi yanamtiririka, kidevu mkononi mwa dada yake. Hakusogea.