Nani Atachinja

Uani siku ile tulikuwa hawa: mimi, mdogo wangu wa kike, aliyekuwa anaolewa kesho yake, mdogo wetu wa kiume, ambaye ni dereva wa bodaboda, bwana harusi, baba yake bwana harusi, ambaye ni mzee wa kanisa kutoka Maramba, mchungaji wetu, babu jirani, na bibi, mkewe. Wengine walikuwa wanapita tu, kuleta kuni au kuazima mabakuli. Mbuzi naye alikuwepo, amefungwa kwenye mpapai, anatafuna maganda ya ndizi.

Huku kwetu Makorora, mtu wa kanisa akitaka kulisha watu humwita jirani Mwislamu amchinjie. Sisi tunakula kilichochinjwa na wao, wao hawali kilichochinjwa na sisi, kwa hiyo ukitaka mtaa mzima ule sufuria moja, unampa jirani kisu. Ndivyo ilivyo kwa kuku wa Krismasi na kwa ng'ombe wa msiba. Mbuzi wa ubatizo wangu alichinjwa na babu jirani, na wa ubatizo wa wadogo zangu pia. Kwa hiyo nilipomwomba aje mchana ule, sikudhani kama nimeamua jambo lolote.

Babu na bibi ni watu wa asili ya Omani. Wana duka la vitambaa, na nyuma ya duka wana nyumba ya vyumba vichache ambayo wazazi wangu waliipanga kabla mimi sijazaliwa. Baba alitangulia kufa, kisha mama. Nilikuwa kidato cha pili. Baada ya maziko ya mama, wajomba na baba wadogo walikaa kwenye mkeka wakaanza kutugawa: mdogo wangu wa kiume aende Korogwe, wa kike Handeni, mimi nitafutiwe kazi za ndani Dar es Salaam. Babu alikuwa amekaa pembeni na tasbihi yake, msibani kama jirani. Akainuka.

"Watoto hawagawanywi kama viti," alisema. "Mie si ndugu yenu, wala sina haki ya kusema. Lakini nyumba ni yangu, na wao watakaa humo wote watatu."

Mjomba mmoja akamuuliza watakula nini. Bibi akajibu kutoka jikoni, bila kutokeza, "Watakula tunachokula sie."

Shule niliiacha. Bibi akanipa cherehani yake na nafasi kwenye baraza la duka, nikawa nashona sare za wanafunzi, na mpaka leo nashona. Walichokula wao tulikula. Na Jumapili bibi ndiye aliyekuwa akigonga mlango wetu: "Nyie! Mungu wenu kashaamka, nyie bado?" Nilisikia kwamba msikitini waliwahi kumuuliza babu mbona watoto hawa hawapeleki chuoni wakasome Kurani. Akawaambia, "Mama yao kaniachia watoto. Dini yao hakuniachia niibadili."

Sasa mchana ule bibi alikuwa amemkalisha mdogo wangu kwenye mkeka, anampaka hina. Mikono yote miwili ilikuwa mibichi, ameinyoosha mbele kama mtu anayepokea kitu. Mzee wa Maramba aliingia na mwanawe, bwana harusi, na kapu la machungwa. Nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hamjambo?" Alikuwa anatazama hina. Kisha akamwona babu, amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, kisu kimefungwa kitambaa juu ya mapaja. "Na mzee huyu na kisu?"

"Ndiye anayetuchinjia, baba."

"Anawachinjia nyinyi," akasema taratibu. "Sisi tumekuja na chetu."

Akaingiza mkono chini ya machungwa, akatoa kisu kipya. Alisema kimeombewa. Alisema mtu akitaja jina juu ya damu, hiyo ni sadaka, na yeye mzee wa kanisa hawezi kuwaketisha watu wake kwenye sadaka ya dini nyingine. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

Mdogo wangu wa kiume akasema, "Basi tumuulize mbuzi mwenyewe dhehebu lake."

Hakuna aliyecheka. Mchungaji alikuwa anajifuta shingo kwa leso. "Wapendwa," akasema, "tusifike mbali. Mbuzi wa pili anaweza kupatikana. Wachinje hawa, wachinje na hawa, tupike masufuria mawili. Sehemu nyingi wanafanya hivyo."

Nikayaona hayo masufuria mawili. Nikamwona bibi anaoneshwa upande wake wa kukaa, anaoneshwa upawa wake, kwenye harusi ya mtoto aliyemlisha kwa mkono alipougua surua. Nadhani babu naye aliyaona, kwa sababu alianza kuinuka.

"Mie nyama nikaile kwa meno gani?" alisema huku anacheka kidogo. "Chinjeni wenyewe, wanangu. Sie tutakula wali na mchuzi wa nazi. Harusi isivunjike kwa ajili ya mbuzi."

"Kaa, babu," nikasema.

Sijawahi kumwamuru babu kitu, si kabla ya siku ile wala baada yake. Alikaa.

Nikamgeukia mzee wa Maramba. Nilikuwa bado nimepiga goti, nikaona ni heri nibaki chini hivyohivyo. "Baba, ulipokuja kuposa uliniuliza kama mdogo wangu anampenda Mungu, na kama amelelewa kanisani. Nikakwambia ndiyo. Hukuniuliza nani alikuwa anatuamsha kwenda huko kanisani. Ni huyu bibi. Mdogo wangu amekula kutoka sufuria la bibi huyu tangu akiwa mtoto, na imani yake ndiyo hiyo uliyoisifu. Kesho ndiyo itaharibika?"

"Hapa hatupimi wema wa watu," akasema. "Watu wema wako kila mahali. Kuna utaratibu."

"Tuliokolewa na utaratibu, baba?"

"Unanifundisha maandiko?"

"Hapana. Unayajua kuliko mimi, mimi shule niliachia njiani. Unamjua yule mtume aliyekuwa anakula na watu wa mataifa, wakaja wakubwa kutoka kwao, akaogopa, akajitenga. Nakuuliza tu, mwenzake hakumkemea kwa unafiki mbele ya watu wote?"

Nilisikia bibi anakwangua bakuli la hina, ingawa hina ilikuwa imeisha. Kisha mzee akasema, bila hasira, kama mtu anayesoma tangazo baada ya ibada:

"Mama, huyu akichinja, mimi namchukua mwanangu tunarudi Maramba leo. Mchungaji ni shahidi. Chagua."

Mchungaji alitazama viatu vyake.

Nataka nieleze vizuri jinsi ilivyokuwa, maana watu wakiisikia hadithi hii huniona shujaa. Mdogo wangu alimpenda yule kijana. Tangu mama afariki sikuwahi kumwona akicheka mpaka anashika ukuta, hadi alipokutana naye. Nikisema neno moja namvunjia ndoa. Nikisema jingine namwambia babu, mbele ya uso wake, kwamba mkono uliotulea una kitu kichafu. Na sikuwa na hakika Mungu yuko upande gani. Nilijua tu kwamba sikuwahi kumlipa chochote ndipo anipokee, na kwamba mzee huyu alikuwa ananidai nianze leo, kwa mbuzi.

Nikamtazama mdogo wangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni, na hakuweza kuyafuta kwa sababu ya hina. Bibi akamfuta kwa ncha ya mtandio wake.

"Amua, dada," mdogo wangu akasema. "Sitakulaumu."

Nilijua atanilaumu, na atanipenda, yote mawili, maisha yake yote.

"Babu atachinja," nikasema.

Mzee wa Maramba akakirudisha kisu chake chini ya machungwa. Akamwambia mwanawe, "Twende."

Kijana hakujibu. Tangu aingie hakuwa amesema neno, na mimi nilishaanza kumhesabu kati ya wale wasiosema kamwe. Alivua saa, akaitia mfukoni. Akakunja suruali hadi magotini, akaenda kwenye mpapai, akafungua kamba, akamwinua mbuzi miguu akamlaza chini.

"Babu," akauliza, "aelekee wapi?"

Babu alionesha kwa kidevu upande wa kibla, na mdogo wangu wa kiume akaenda kushika miguu ya nyuma. Baba yake yule kijana alisimama akaangalia mpaka mbuzi akageuzwa. Kisha akatoka. Kapu la machungwa aliliacha.

Kutwa iliyobaki tulipika bila kuzungumza. Hatukujua kama mzee atakuja kanisani, na mchungaji alikuwa ameshasema kwamba bila wazazi wa mume atapata taabu kufungisha ndoa. Kijana alipiga simu Maramba, haikupokelewa. Bibi alimwosha mdogo wangu hina mikononi, ilikuwa imekolea nyekundu sana, akasema hina ikikolea hivyo ni dalili mama mkwe atampenda. "Mama mkwe sawa," nikasema. Tukacheka kidogo, kwa woga.

Asubuhi mzee alikuja. Tulimkuta ameshakaa kiti cha mbele kanisani, pale Nguvumali, suti ya kijivu, mkewe ubavuni. Mchungaji alipowaita wazazi, alisimama, akasema "Tumekubali" kwa sauti iliyosikika hadi nje. Ndoa ikafungwa.

Kisha tulirudi uani, na pilau ikapakuliwa kutoka sufuria moja. Mtaa wote ulikula. Mzee wa Maramba aliketi kwenye kiti alichopewa, mikono juu ya magoti, akiwaitikia watu salamu kwa adabu. Hakugusa sahani. Nilikuwa nimelifikiria hilo, nikampikia bada, ugali wa muhogo, kwa sufuria jipya, na samaki changu wa kukaanga.

"Baba, hiki hakikuchinjwa na mtu. Kimetoka shamba na baharini."

"Nimeshiba, mama. Asante."

Nikasimama pale na sahani. Nilitaka ale, na si kwa sababu ya njaa yake. Nilitaka ale ili watu waone. Bibi alikuja akanichukulia sahani mkononi, akaninong'oneza, "Mwache mzee wa watu. Nawe usimwekee sheria." Yule mzee aliondoka jioni na mkewe, na nina hakika hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri.

Watu walipokwisha kuondoka nilimkuta babu barazani, anafuta kisu chake kwa mafuta kabla ya kukifunga. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno mengi. Nilisema tu, "Babu, mimi sitaweza kukulipa."

"Nani kakudai?"

"Najidai mwenyewe."

Akafikiri. "Ikiwa unalitaka deni, basi nalihamisha. Mlipe yule mzee wa Maramba. Mgeni kuondoka nyumbani mwako na njaa, hilo ni deni la wenye nyumba, na mie ni mwenye nyumba. Mpaka ale, usinambie habari ya kunilipa."

Niliona ni rahisi. Tangu hapo nimekwenda Maramba mara nyingi, kumwona mdogo wangu na sasa mtoto wake. Kila nikienda nabeba kitu kisicho na damu ndani yake: bada, mihogo ya nazi, vitumbua alivyopika bibi bila kusema ni yeye aliyevipika, ingawa nadhani mzee anajua. Hunipokea vizuri. Huniita mama, huniuliza habari za cherehani, huniombea safari njema. Zamani alikuwa hanywi hata chai nikiwapo. Siku hizi anakunywa.

Wiki iliyopita nilimwekea vitumbua kando ya kikombe. Akafunua sahani, akavitazama kwa muda, akauliza hali ya babu. Nikamwambia miguu inamsumbua, hatoki sana. Akasema, "Mpe pole." Akaifunika sahani taratibu, akanisogezea nirudi nayo.