Meno Aliyonitakia Bibi

Bibi mzaa baba ndiye aliyetaka nichongwe meno. Uhuru ulikuwa bado mpya, na upande wetu wa Butiama wazazi wengi walikuwa wameanza kuiacha desturi hiyo. Baba mwenyewe hakuipenda. Bibi hakusikia la mtu. Alinipeleka kwa fundi, akanishika kichwa, na meno yangu ya mbele yakatoka na ncha kama ya kwake. Nilizunguka kijijini nikicheka hata pasipo na cha kuchekesha.

Miaka michache baadaye nikafaulu kwenda sekondari ya bweni, Musoma.

Kiranja wa bwalo alikuwa msichana wa kidato cha tatu, binti wa mfanyabiashara wa mjini. Alikuwa na sauti nzuri, ndiye aliyeanzisha nyimbo za Ujamaa tukienda kupalilia pamba ya shule. Ndiye pia aliyegawa ugali. Jioni ya kwanza nilipomfikia na sahani yangu, aliushika mwiko juu.

"Cheka kwanza tuone."

Nikacheka, mjinga mimi, nikidhani ananikaribisha.

"Jamani, njooni muone! Wewe, kwenu mnatafunaga watu?"

Bwalo zima likaangua kicheko. Tangu hapo ikawa sheria yake: bila kuonyesha meno, hakuna ugali. Siku nyingine nilionyesha, nikapewa, nikashindwa kumeza. Siku nyingine niligeuka na sahani tupu, nikalala na maji. Ninamchukia msichana yule hadi leo, na sioni haya kusema.

Nikazoea kufunika mdomo kwa mkono. Darasani nikaacha kujibu maswali. Kisha ukaja mtihani wa kusoma kwa sauti, ambao bila kuufaulu hupandi kidato. Kusoma nilijua kuliko wengi mle. Zamu yangu ilipofika nilisimama, kitabu mkono wa kulia, wa kushoto mdomoni.

"Toa mkono," mwalimu akasema.

Mtu akanong'ona nyuma yangu, "Anaogopa ataking'ata kitabu." Mwalimu alisubiri, kalamu mkononi, nami nikakaa chini bila kutamka hata neno moja. Niliandikiwa sifuri. Mkuu wa shule akaniambia nitarudia mtihani baada ya likizo, na nikinyamaza tena nitarudi kwetu moja kwa moja.

Nyumbani bibi alinipokea kwa vigelegele. Wakati wa kula aliniangalia weee, mwisho akauliza, "Mbona siku hizi unafunikaga mdomo? Unaumwa jino?"

Nilikuwa nimemeza hasira ya muhula mzima, na ikamwagikia asiyehusika.

"Wananicheka kwa meno haya. Wewe ndiye uliyeniharibu."

Alikusanya vyombo, akaenda kuviosha mwenyewe, kazi ambayo ilikuwa yangu.

Asubuhi jirani alipita akamtania kuhusu jogoo wake mvivu. Bibi alikuwa mtu wa kucheka hadi majirani wa mbali wasikie. Safari hii alicheka kidogo tu, akiwa ameinua kiganja na kukiweka mbele ya mdomo.

Nilirudi Musoma nikasoma kurasa mbili, mkono chini, kwa sauti iliyofika nje ya dirisha. Nikapanda kidato. Nikamwomba bibi msamaha kila likizo, naye kila mara alisema yameisha, akifunika mdomo. Aliufunika hivyo mpaka tulipomzika.